Kwa Nini Gari Huchemsha, na Jinsi ya Kuliwekea Rejeta Mpya

Hapana msafiri asiyepata kuona gari limesimama kando ya barabara, boneti limefunguliwa, mvuke unapanda juu, na dereva ameshika dumu la maji. Katika mlima wa Kitonga, barabara ya Morogoro kwenda Iringa, jambo hili si geni. Watu husema, "Gari limechemsha," na abiria hushuka wakakaa kivulini kungoja. Lakini ukiwauliza ni kwa sababu gani limechemsha, wachache watakujibu sawasawa. Katika makala haya nataka kueleza kazi ya rejeta, jinsi inavyochakaa, na jinsi ya kuiondoa na kuweka nyingine iliyo bora kuliko ile ya kwanza. Vile vile nataka kuonyesha ya kuwa rejeta mpya, hata iwe kubwa namna gani, si dawa ya kila gari linalochemsha.

Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi wa bweni kuliko tunavyodhani. Gari la shule ndilo linaloleta unga na maharage yetu, na mwanafunzi akiugua usiku ndilo linalompeleka hospitali. Muhula uliopita gari hilo lilichemsha mara mbili njiani. Mara ya pili lilikuwa limembeba mwenzetu wa Kidato cha Pili aliyekuwa na malaria kali. Alifikishwa hospitali kwa gari la wasamaria wema, naye alipona, lakini sote tulielewa ya kuwa mambo yangeweza kuwa mabaya zaidi. Mkuu wa Shule akaagiza gari litengenezwe, na Mwalimu wetu wa Fizikia akaomba wanafunzi wanne tumsaidie fundi ili tujifunze. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Joto Latoka Wapi?

Injini ni kama jiko. Dizeli au petroli huungua ndani ya silinda, na nguvu ya moto huo husukuma pistoni. Lakini si joto lote linalofanya kazi. Kwa kukadiria, theluthi moja tu hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha gari. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi kwenye bomba la eksozi, na theluthi inayobaki huingia katika chuma cha injini. Joto hili la mwisho lisipoondolewa, oili huwa nyepesi mno na kushindwa kulainisha, pistoni hutanuka mpaka zikakwama, silinda hedi hupinda, na gasketi yake huungua. Gharama ya kutengeneza injini iliyofikia hali hiyo ni kubwa mara nyingi kuliko bei ya rejeta.

Mbebaji wa joto hili ni maji. Maji yana uwezo mkubwa wa kubeba joto: kilo moja ya maji yahitaji kilojuli 4.2 ili joto lake lipande nyuzi 1 tu. Pampu huyazungusha maji katika njia zilizomo ndani ya injini, yakapokea joto, kisha huyapeleka kwenye rejeta. Huko maji hupita katika vibomba vyembamba vilivyoshikamana na vibati vingi vidogo. Hewa inayoingia kwa mbele, au inayovutwa na feni, hupita katikati ya vibati hivyo na kulichukua joto. Maji yaliyopoa hurudi katika injini, na safari huanza tena.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Gari la Karl Benz wa Ujerumani, lililopewa hati ya uvumbuzi mwaka 1886, lilipozwa kwa kuyaacha maji yachemke na kupotea hewani. Mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliendesha gari la namna hiyo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 hivi, na ilimlazimu kusimama mara kwa mara kuongeza maji. Mwishoni mwa mwaka 1900 Wilhelm Maybach alikamilisha gari la Mercedes lenye rejeta iliyoundwa kwa vibomba 8,070, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6. Hewa ilipita ndani ya vibomba, na maji yalipita baina yake. Maji yaliyohitajika yakapungua kutoka lita 18 hadi lita 9. Hapo twajifunza jambo moja kubwa: kinachopoza injini si wingi wa maji, bali ni ukubwa wa eneo ambalo joto la maji laweza kukutana na hewa.

Kazi ya Kifuniko na ya Thamostati

Kifuniko cha rejeta si kama kifuniko cha chupa. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke mpaka kanieneo ndani ya rejeta ifike kiasi fulani, na katika magari mengi kiasi hicho ni karibu ba 1 zaidi ya hewa ya nje. Pwani, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu nyanda za juu, penye urefu wa meta 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 95. Lakini yakibanwa na kifuniko kizima, yaweza kupita nyuzi 115 kabla ya kuchemka. Kwa hiyo springi ikichoka, gari litachemsha hata kama rejeta haina kasoro yoyote.

Thamostati ni mlango mdogo uliowekwa kwenye njia ya maji baina ya injini na rejeta. Mna kikopo kidogo cha shaba kilichojaa nta. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, ili injini ipate joto upesi. Injini ikipata moto wa kutosha, nta huyeyuka, hutanuka, na kuusukuma mlango ukafunguka.

Wapo watu waliotushauri thamostati itolewe itupwe, wakisema ya kuwa nchi yetu ni ya joto na haina haja nayo. Ushauri huu husikika katika gereji nyingi, lakini si wa kweli. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na oili yake huchafuka upesi. Tena katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ambayo maji huipita bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huirudia injini pasipo kupozwa. Hivyo mtu aliyetaka gari lipoe aweza kulifanya lichemshe zaidi mlimani.

Jinsi Rejeta Inavyochakaa

Rejeta huchakaa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kwa ndani. Maji ya kisima na ya mto yana chumvi nyingi, nazo huacha ukoko kama ule mweupe tunaouona ndani ya birika. Ukoko huziba vibomba, na pale usipoziba huzuia joto lisipite. Kutu inayotoka katika injini huongeza uchafu huo.

Ya pili ni kwa nje. Vumbi, mbegu za majani na wadudu hujaa baina ya vibati, na hewa ikakosa njia. Kwa miaka mingi vibati vyenyewe huliwa na kuanguka.

Ya tatu ni katika maungio. Rejeta nyingi za siku hizi zina vibomba vya alumini na matangi ya plastiki, juu na chini au kila upande, yaliyobanwa juu ya mpira. Plastiki ikipata moto na baridi kwa miaka mingi hukauka na kupasuka. Rejeta za zamani za shaba hazina plastiki, lakini maungio yake ya risasi huachia.

Uchunguzi Kabla ya Kununua

Fedha zilizopatikana zilitosha rejeta moja, pamoja na vitu vidogo vidogo. Tungekosea ugonjwa, tusingekuwa na fedha za dawa ya pili. Kwa hiyo Mwalimu alisisitiza tuchunguze kwanza, nasi tulifanya haya:

1. Tulitazama mkanda wa feni na feni yenyewe. Mkanda uliolegea huipunguza kazi ya pampu na ya feni. Wetu ulikuwa mzima.

2. Injini ikiwa baridi, fundi alifungua kifuniko akaiwasha. Mapovu yanayotoka mfululizo pasipo kukoma huonyesha ya kuwa moshi wa silinda unaingia katika maji, yaani gasketi ya silinda hedi imeungua. Hatukuyaona. Wala oili haikuwa na rangi ya maziwa, ambayo ni dalili ya kuingia maji.

3. Injini ilipopata moto ilizimwa, na fundi akapapasa rejeta kwa uangalifu. Juu ilikuwa ya moto, lakini karibu theluthi ya chini ilikuwa baridi kwa mabaka. Palipo baridi ndipo palipoziba.

4. Tulitazama maungio ya matangi. Tangi la juu lilikuwa na ufa mwembamba, na alama nyeupe za maji yaliyokauka zilishuka kutoka hapo.

5. Tuliipeleka thamostati maabara. Tuliitundika kwa uzi katika bika la maji pamoja na themometa, tukapasha moto polepole. Ilikuwa imegongwa namba 82, yaani yapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Haikuanza mpaka nyuzi 90. Mpya tuliyoipima baadaye ilianza kwenye nyuzi 82 barabara.

Basi tulipata wagonjwa wawili: rejeta na thamostati. Kama tungenunua rejeta peke yake, maji yangechelewa kuifikia, na gari lingeendelea kutusumbua.

Kuchagua Rejeta

Palikuwa na njia nne. Ya kwanza ni kuziba ufa kwa gundi. Ni rahisi, lakini haiondoi ukoko ulio ndani. Ya pili ni kununua rejeta iliyokwisha kutumika, ila hapana ajuaye imebakiwa na maisha gani. Ya tatu ni kununua mpya ya namna ile ile. Ya nne ni kununua rejeta iliyotengenezwa na kiwanda kingine, yenye matangi ya alumini badala ya plastiki, na nene zaidi.

Mtu aweza kuuliza, je, shaba si bora kuliko alumini? Ni kweli shaba nyekundu hupitisha joto vizuri zaidi. Tukipima uwezo wa kila moja, shaba hupata wati 400 hivi kwa meta kwa kila nyuzi, na alumini 235 hivi. Lakini rejeta za shaba huunganishwa kwa risasi, na risasi haipitishi joto vizuri. Tena shaba ni nzito: sentimeta moja ya ujazo ina uzito wa gramu 8.9, hali alumini ina gramu 2.7 tu. Kwa kuwa alumini ni nyepesi, vibomba vyake huweza kufanywa vipana, vikashika vibati kwa eneo kubwa zaidi.

Ile ya alumini tupu ndiyo iliyochaguliwa. Rejeta ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 26, na mpya milimita 42. Hata hivyo haifai kusifu tu. Rejeta nene huipa feni kazi kubwa zaidi ya kuvuta hewa, kwa hiyo boksi linalozunguka feni lazima liwepo na liwe zima. Tena ikitoboka, fundi wa kulehemu kwa risasi hawezi kuiziba kama shaba. Yahitaji mtambo wa kuchomelea wenye gesi ya argoni, ambao haupatikani kila mji. Mwisho, kwa kuwa thamostati ndiyo inayoamua injini iwe na joto kiasi gani katika mwendo wa kawaida, rejeta kubwa haitaifanya injini kuwa baridi kuliko inavyopaswa. Faida yake ni akiba. Gari likipanda mlima na mzigo, joto huongezeka, na rejeta ndogo hufika mwisho wa uwezo wake. Rejeta kubwa huwa bado ina nafasi.

Kazi Yenyewe

Kwanza, injini lazima iwe baridi kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta iliyo moto hata kama una haraka. Maji yaliyobanwa yamepita nyuzi 100, na ukiondoa kifuniko hugeuka mvuke mara moja na kumrukia mtu usoni. Wengi wameungua kwa njia hii.

Pili, fundi alifungua waya hasi wa betri, akaweka beseni chini, akafungua koki ya chini ya rejeta. Maji yenye dawa ya rejeta, ambayo mafundi huiita kulanti, yasimwagwe ovyo. Dawa hiyo ina ladha tamu, lakini ni sumu inayoua figo, na mbwa, mbuzi au mtoto aweza kuinywa. Tuliyatia katika dumu lenye kifuniko, tukaliandika "SUMU".

Tatu, tulilegeza klipu na kuvuta mpira wa juu na wa chini, tukatoa boksi la feni, kisha bolti za rejeta, na kuinyanyua moja kwa moja kwenda juu. Katika magari yenye giaboksi ya kujiendesha yenyewe, huwapo pia vibomba vya oili vilivyoungwa na rejeta, navyo hapana budi vizibwe visiingie uchafu. Letu halina.

Nne, tuliilaza rejeta mpya kando ya ile ya zamani, tukapima urefu, upana, matundu ya bolti, unene na mahali pa midomo ya mipira, na nafasi itakayobaki kati ya rejeta na feni. Ilibaki milimita 30, nayo ilitosha. Hatua hii isirukwe, maana duka halikubali kurudishiwa kitu kilichokwisha fungwa.

Tano, kabla ya kuifunga, tulipitisha maji safi ndani ya injini mpaka yalipoacha kutoka na kutu. Asiyefanya hivyo huingiza uchafu wa zamani katika vibomba vipya.

Sita, fundi aliifunika rejeta kwa kipande cha boksi ili vibati visikwaruzwe na feni, akaishusha juu ya mipira yake. Mipira hiyo huizuia isitikiswe. Waya wowote wa umeme usifungwe kwenye rejeta, kwani umeme ukipita katika maji huila alumini upesi. Tuliweka pia mipira mipya ya maji, klipu mpya, thamostati mpya na gasketi yake, na kifuniko kipya cha kiasi kilichoagizwa na kiwanda cha gari.

Saba, tulijaza kulanti na maji yaliyokenekwa, nusu kwa nusu. Wengine hudhani kulanti ni ya nchi za barafu tu. Lakini hapa kwetu pia huzuia kutu na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Kisha tuliiwasha injini kifuniko kikiwa wazi, mbele ya gari pakiwa pameinuliwa kidogo, tukaubonyeza mpira wa juu ili hewa itoke. Maji yalishuka, tukaongeza, mpaka mpira wa juu ulipopata moto ghafla. Hapo tukajua thamostati imefunguka. Kifuniko kikafungwa, na maungio yote yakatazamwa. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, kipimo kilitazamwa tena, na maji yaliyopungua kidogo yakaongezwa.

Baada ya Hapo

Siku ya tatu gari lilikwenda mjini na kurudi na magunia ya mahindi, kwa njia ile ile ya mlima. Dereva alisema mshale wa joto ulipanda kidogo katika kona za juu, ukasimama, kisha ukarudi mahali pake. Tangu hapo limekwisha peleka wagonjwa wanne hospitali, na mmoja wao ni usiku wa mvua kubwa. Halikuchemsha.

Yabaki kazi yetu. Kila Jumamosi wanafunzi wawili humsaidia dereva kutazama kipimo cha maji injini ikiwa baridi, na kuosha vibati kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili vumbi litoke kule lilikoingilia. Kazi hii huchukua robo saa. Wazee walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na ufa wa rejeta yetu ulikuwa mwembamba kama unywele. Msomaji ambaye nyumbani kwao kuna gari na alitazame kabla halijachemsha. Na likichemsha, asikimbilie kununua kitu kikubwa, bali atafute kwanza ni kipi kilicho kibovu.